UZI: Mgeni wa usiku wa baridi alikuja kula kwanza, zawadi zikaja baadaye (mizizi ya kipagani ya Baba Krismasi, mashamani na uyoga mwekundu)

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Kila ikifika Desemba kuna stori inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na zile video fupi fupi, kwamba Baba Krismasi asili yake ni shamani wa Siberia, yaani mganga wa kule kwenye barafu anayeongea na mizimu, alikuwa anavaa nyekundu na nyeupe kama ule uyoga wa madoadoa, anashukia kwenye tundu la moshi, anagawa uyoga, watu wakila wanaona kulungu wanapaa. Upande wa pili kuna wanaosema hapana, huyo ni Odin mtupu, yaani yule mungu mkuu wa kale wa Skandinavia. Mimi hizi mila za majira ya baridi za Ulaya nimezisoma kwa muda mrefu na nazipenda kutoka moyoni, na naumia nikiona watu wanabishania uyoga wakati kitu kizuri kuliko vyote wamekiruka.

Nacho ni hiki: ukirudi nyuma ya karne ya 19, yule mgeni wa usiku wa Desemba sehemu nyingi hakuwa anakuja kutoa. Alikuwa anakuja kupewa. Watu ndio walikuwa wanamwekea chakula, wanafagia njia yake, wanaacha meza wazi. Akikuta kitu anapita salama, asipokuta mtajua wenyewe.

Twende.

Mwaka 1673 profesa mmoja wa Uppsala, Sweden, anaitwa Johannes Schefferus, alitoa kitabu kuhusu Wasami, wale wafugaji wa kulungu wa kaskazini kabisa mwa Skandinavia. Taarifa zake nyingi alizipata kwa wachungaji wa kanisa waliokuwa wanahudumu huko. Humo kuna kipande kifupi tu, ila nikikifikia lazima nisimame. Anasema mkesha wa Krismasi Wasami walikuwa wanachukua kidogo kidogo ya kila chakula, wanaweka kwenye kichombo cha magome ya mti wa betula kilichotengenezwa kama mashua, kina tanga na makasia kabisa, halafu wanakwenda kukitundika kwenye mti nyuma ya nyumba. Cha nani? Cha lile kundi lisiloonekana linalosafiri angani usiku ule. Hebu fikiria mtu amekaa na kisu chake anachonga makasia madogo ya mashua ambayo haitagusa maji kamwe, baharia wenyewe wanapita hewani. Na hao ni watu waliokuwa wameshabatizwa tayari, Krismasi ni ya kanisa, lakini wasafiri wa angani hawakusahauliwa.

Wasami haohao wana jitu linaitwa Stállu. Mkesha wa Krismasi linapita na sleji, hivyo vipande vya kuni na vijiti vyote vya uani vinaokotwa ili sleji yake isikwame mlangoni kwako. Na ndani lazima maji yawepo, kwa sababu Stállu akifika na kiu akakosa maji atanyonya ubongo wa aliyelala. Sasa mtoto wa kule alivyokuwa anasubiri usiku ule mfananishe na anayesubiri baiskeli.

Shuka Ujerumani. Mwanzoni mwa karne ya 11 Askofu Burchard wa Worms aliandika orodha ndefu ya maswali ambayo padri amuulize mtu anayekuja kutubu. Swali mojawapo: je, umefanya kama wanawake fulani wanavyofanya nyakati fulani za mwaka, kuandaa meza yenye chakula na kinywaji na visu vitatu, ili wale dada watatu wa majaliwa, wasioonekana, wakija wale? Visu vitatu! Askofu haulizi swali kama hilo kama hakuna watu wanaofanya. Baadaye milimani, Austria na Bavaria, mgeni anaitwa Perchta, mwanamke wa siku kati ya Krismasi na tarehe 6 Januari, na karne ya 15 mapadri bado wanalalamika kwamba watu wanamwachia chakula mezani usiku. Huyu alikuwa anakagua nyumba, msichana ambaye hajamaliza kusokota uzi wake, au mtu aliyekula kisichotakiwa siku yake, anapasuliwa tumbo na kujazwa majani makavu.

Na Iceland wana zimwi jike Grýla na wanawe 13. Leo wanawe wanaweka vizawadi kwenye viatu vya watoto dirishani, usiku mmoja kijana mmoja, na mtoto mkorofi anaweza kukuta kiazi. Lakini angalia kazi zao za zamani: mmoja analamba vijiko, mmoja anaiba soseji, mmoja maziwa mgando, mmoja anakuja na ndoano kuvuta nyama, mmoja anaiba mishumaa, na mishumaa ile ilikuwa ya mafuta ya wanyama kwa hiyo ilikuwa chakula. Ni wezi wa chakula katikati ya baridi, kwenye nchi ambayo akiba ikiisha Februari mnakufa. Vitisho vilizidi mpaka mwaka 1746 ikatoka amri ya serikali kuzuia wazazi kutisha watoto kwa viumbe hao.

Mtoaji halisi tunamjua, ni Nikolao, askofu wa Myra, karne ya 4, mji ambao leo ni Demre kule Uturuki. Stori yake kubwa ni ya yule baba maskini mwenye mabinti watatu wasioolewa kwa kukosa mahari (kwao mahari inatoka upande wa binti), Nikolao akapita usiku akarusha dhahabu dirishani bila kuonekana. Mwaka 1087 mabaharia wa Bari, Italia, wakaichukua mifupa yake wakaipeleka kwao na sifa zake zikasambaa Ulaya nzima. Sikukuu yake tarehe 6 Desemba. Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo mambo mawili yalipokutana: mtakatifu anayetoa kimyakimya usiku, na wageni wa usiku wa baridi wanaotaka kula. Zawadi zimetoka kwa mtakatifu. Manyoya, pembe, kupita angani, kukagua nani mwema nani mbaya, hivyo vina harufu ya wale wengine.

Nitaendelea, maswali ruksa.

#2 Mdau

Mkuu uzi umetulia. Ila umekwepa uyoga, na wengi ndicho kilichotuleta. Hiyo ya shamani ni uongo wote au kuna kitu?

#3 Mleta uzi

Sijakwepa, niliuacha kwa sababu unahitaji nafasi yake.

Kuna kitu, na kiko sehemu moja mahususi: Kamchatka na jirani zake, mashariki ya mbali ya Urusi, ufukweni mwa Pasifiki, wanakoishi Wakoryak na Waitelmen. Mrusi Stepan Krasheninnikov aliishi huko karne ya 18, kitabu chake kikatoka 1755, na kinaeleza watu wakila uyoga mwekundu wa madoadoa na kulewa. Mwanzoni mwa karne ya 20 akaja Waldemar Jochelson akaandika kwa kina kuhusu Wakoryak. Nyumba zao za baridi zilikuwa zimechimbiwa nusu ardhini, theluji ikijaa mlango wa kawaida unafungwa, mnaingilia juu kwenye tundu la moshi na kushuka kwa gogo lililotobolewa sehemu za kukanyagia. Kila mtu alipita hapo, na mtoto, na bibi, siyo mganga peke yake. Pia ni kweli kwamba kulungu wa kule wanaupenda sana uyoga huo, na ni kweli watu walikunywa mkojo wa aliyekula kwa sababu ulevi unabaki humo. Mswedeni Strahlenberg aliliandika hilo mwaka 1730, kwamba maskini wasio na uyoga walikuwa wanasubiri nje ya karamu za matajiri na vyombo vyao.

Sasa shida iko kwenye gundi. Mwaka 1968 Mmarekani R. Gordon Wasson alitoa kitabu chake kuhusu uyoga huo na dini za kale, alikuwa anatafuta kinywaji kitakatifu cha Wahindi wa zamani. Waliokuja baada yake ndio wakachukua yale maelezo ya Siberia wakayagandisha kwa Baba Krismasi. Mwanahistoria Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol, ambaye amechambua sana ushamani wa Siberia na sikukuu za Uingereza, ameipinga moja kwa moja: mashamani wale hawakuwa na vazi la nyekundu na nyeupe, hawakusafiri kwa sleji kwenye safari zao za kiroho, na ni mara chache sana walitumia uyoga kupandisha, kazi hiyo ilifanywa na ngoma. Ngoma ndiyo ilikuwa kila kitu wakuu. Hata kwa Wasami ni ngoma, na ndiyo maana karne ya 17 wamisionari na mahakimu waliziwinda. Mzee mmoja wa Kisami, Anders Poulsen, alishtakiwa Vadsø, Norwei, mwaka 1692 kwa sababu ya ngoma yake, ikachukuliwa ikapelekwa Denmark, na umiliki wake umerudi kwa Wasami kule Karasjok mwaka 2022 tu. Miaka 330! Hiyo ndiyo stori ya mashamani ambayo natamani isambae kwa kasi ya ile ya uyoga, kwa sababu hii ina mtu, ina mahakama na kitu kilichoporwa, nyingine ni pambo tu.

Halafu jiulize Kamchatka imefikaje New York. Kulungu na sleji vinatokea kwenye machapisho ya New York, mwaka 1821 kulungu mmoja, halafu 1823 kwenye lile shairi maarufu lililotoka katika gazeti la mji wa Troy wakawa wanane. Kwenye shairi hilo mgeni ni kizee kidogo kabisa, sleji yake ndogo, amevaa manyoya kutoka kichwani mpaka miguuni yakiwa yamejaa masizi. Wekundu hautajwi. Mchoraji Thomas Nast kuanzia 1863 akawa anamchora na kumchora, mwili ukaongezeka, rangi zikabadilika, mpaka nyekundu ikashinda. Na kabla hamjaniuliza, Coca-Cola, ile kampuni ya soda inayosemwa ndiyo iliyomvisha nyekundu, ilianza michoro ya Haddon Sundblom mwaka 1931, wekundu tayari ulikuwepo.

#4 Mdau

Nipo Finland mwaka wa tisa huu, niongezee hapo. Huku Baba Krismasi hapiti dohani wala nini, anagonga mlango mkesha jioni watu wako macho. Familia inamkodi mwanafunzi au anavaa mjomba. Anaingia na swali moja, "humu kuna watoto wema?" Watoto wanamwimbia, anagawa, anaondoka. Na huku wanamwita mbuzi wa Krismasi mpaka leo, Joulupukki, nikawauliza wenzangu kazini kwa nini mbuzi wakabaki wanaangaliana. Mleta uzi unalijua hili?

#5 Mleta uzi

Asante sana mkuu, umenifungulia mlango niliokuwa nautafuta, maana Finland ndiko ushahidi wa hoja yangu unaonekana kwa macho.

Huyo unayemwona leo na ndevu nyeupe ni mjukuu wa nuuttipukki, yaani mbuzi wa Nuutti. Tarehe 13 Januari, siku ya Nuutti, vijana wa kijiji walikuwa wanavaa makoti ya manyoya yaliyogeuzwa ndani nje, kinyago cha magome ya betula usoni, pembe kichwani, wanazunguka nyumba hadi nyumba wanataka mabaki ya Krismasi, hasa pombe. Wakinyimwa ni fujo. Wafini wana msemo wao, Tuomas mwema huleta Krismasi na Nuutti mbaya huiondoa, yaani sikukuu inaanza siku ya Tuomas (Mtakatifu Tomaso, 21 Desemba) na kwisha siku huyu mwenye pembe amekuja kukomba mapipa. Kuna vijiji vya Satakunta wanafanya bado.

Kwa hiyo hebu liangalie lile tendo la mkesha huko kwenu: mtu aliyefunikwa uso, amevaa manyoya, anagonga mlango, ana swali, wa ndani lazima waimbe. Umbo ni lilelile. Kilichogeuka ni mfuko tu. Zamani alikuja nao mtupu aondoke umejaa, leo anakuja nao umejaa. Karne ya 19 ndiyo iliyougeuza, Nikolao wa Kijerumani na picha za Marekani zilipofika huku. Halafu mwaka 1927 mtangazaji wa redio ya Finland aliyejulikana kwa watoto kama Mjomba Markus akatangaza kwamba makazi yake ni mlima Korvatunturi, mpakani na Urusi. Rovaniemi tunayoiona kwenye matangazo ya utalii ni ya baadaye kabisa, mji wenyewe Wajerumani waliuchoma 1944 wakati wanarudi nyuma, ukajengwa upya.

Sweden mbuzi yupo wa mabua, ule mji wa Gävle wanajenga mmoja wa kutisha uwanjani tangu 1966, mbuzi huyo ana urefu wa mita 13 hivi, na watu wamemchoma moto mara nyingi kuliko alivyosalimika.

#6 Mdau

Na Odin je? Ndevu, farasi wa miguu minane, kulungu wanane. Halafu swali lingine linaniuma zaidi. Nilikuwa Rotterdam Novemba, nikakuta watu wazima wamejipaka weusi, midomo myekundu, nywele za kipilipili za kununua, wanatembea na Sinterklaas, yule Nikolao wa Waholanzi. Nikamwuliza mwenyeji, akasema hamna ubaguzi, ni upagani wa zamani, wale ni kunguru wa Odin. Kweli?

#7 Mleta uzi

Naanza na la pili kwa sababu ni zito, na mwenyeji wako alikudanganya hata kama mwenyewe anaamini.

Mtumishi mweusi wa Sinterklaas anaingia kwenye mila kwa kitabu cha watoto cha mwaka 1850, mwandishi ni Jan Schenkman, mwalimu wa Amsterdam. Humo Nikolao anatoka Hispania kwa meli ya mvuke akiwa na mtumishi Mwafrika, na mavazi yaliyozoeleka ni yale ya vijana weusi waliowekwa kama mapambo kwenye nyumba za matajiri. Angalia mwaka: 1850, na Uholanzi ilikomesha utumwa Suriname mwaka 1863. Kitabu kiliandikwa wakati watu wetu bado ni mali kwa sheria. Kunguru wa Odin ni maelezo yaliyoletwa baadaye sana kumpa kinga. Ndiyo maana nalichukulia hili la "mizizi ya kipagani" kwa uzito, linaweza kutumika kuosha kitu ambacho asili yake ni soko la watumwa. Wanaharakati kina Quinsy Gario na Jerry Afriyie walianza kupinga hadharani 2011, Gario akakamatwa na polisi, na hadi 2020 waziri mkuu Mark Rutte akasema mtazamo wake umebadilika. Miji mingi sasa imehamia kwenye masizi kidogo tu usoni.

Odin sasa. Ni kweli moja ya majina yake ya kale ni Jólnir, linalomfunga na Yule, ile sikukuu ya katikati ya baridi. Ni kweli ana ndevu na farasi Sleipnir mwenye miguu minane. Lakini ile ya watoto kumwachia Sleipnir nyasi kwenye viatu haipo kwenye andiko lolote la kale. Rekodi za watu kuweka viatu ili vitiwe kitu, kule Uholanzi, zinaanzia karne ya 15 Utrecht, kanisani, kwa Nikolao, kwa ajili ya maskini. Iliyoandikwa kweli ni hii: mwaka 1593 mchungaji wa Rostock, Nicolaus Gryse, anawashutumu wavunaji wa Mecklenburg kwa kumwita Wode (jina la Odin la huko) shambani aje achukue malisho ya farasi wake. Ni wakati wa mavuno, siyo Desemba, na hakuna anayepewa zawadi isipokuwa farasi. Unaona tena anayelishwa ni nani.

Na Yule yenyewe ilikuwa ya kula na kunywa hasa. Snorri, akiandika Iceland karne ya 13, anasema mfalme Haakon Mwema wa Norwei, aliyekuwa Mkristo kati ya wapagani, aliisogeza Yule iangukie Krismasi, na akaweka sheria kila mtu awe na kipimo chake cha pombe, asiye nacho alipe faini, na sikukuu iendelee mpaka pombe iishe.

#8 Mdau

Kwa hiyo kwa ufupi Krismasi ni ya kipagani tuachane nayo? Halafu hiyo ya kuweka chakula kwa wasioonekana mbona babu yangu wa Kibosho kabla hajanywa mbege anamwaga kidogo chini kwanza. Tumeambiwa miaka yote hayo ni ya Waafrika.

#9 Mleta uzi

Hapana mkuu, mimi sisemi hivyo, na wanaosema hivyo wanachanganya mambo. Krismasi ya kanisa ni kuzaliwa kwa Kristo na ina historia yake. Mgeni wa usiku ni kitu kingine kilichoishi pembeni yake, na kanisa lenyewe lilipigana naye miaka mia kwa mia. Mnamo mwaka 400 Askofu Asterius wa Amasea, hukohuko Uturuki ya leo, alihubiri kwa hasira dhidi ya zawadi za mwaka mpya wa Kirumi, akiwataja hadi watoto wanaozunguka nyumba hadi nyumba na matunda yaliyopambwa kwa fedha wakitegemea kurudishiwa mara mbili. Luther karne ya 16 hakumtaka hata Nikolao, akamweka Mtoto Yesu awe mleta zawadi. Wasovieti nao wakampiga marufuku Mzee Baridi wao kwa sababu ya kinyume, wanaona ni wa dini, halafu mwisho wa 1935 wakamrudisha kwa ajili ya mwaka mpya. Kila mwenye mamlaka amejaribu.

Kuhusu babu yako, hakuna undugu wa kihistoria kati ya mbege ya Kibosho na mashua ya Wasami, nisije nikaleta stori ya gundi nyingine. Lakini umeligusa jambo lenyewe. Wale waliotuambia kumwagia wahenga ni ushenzi wetu peke yetu, kwao kulikuwa na askofu anauliza habari za visu vitatu mezani.

#10 Mdau

Swali la mwisho kabla sijalala, kuna sehemu wanamlisha bado mpaka leo, siyo vitabuni?

#11 Mleta uzi

Ipo, Katalonia, Hispania. Wanaita Tió de Nadal, ni gogo. Kipande cha mti kina miguu miwili ya vijiti mbele, kimechorwa macho na tabasamu, kimevishwa kofia nyekundu. Kuanzia tarehe 8 Desemba watoto wanalilisha kila jioni, maganda ya machungwa, mkate, maharage makavu, na wanalifunika blanketi lisipate baridi. Wazazi usiku wanaondoa chakula ili asubuhi ionekane limekula. Mkesha wa Krismasi, au siku yenyewe, watoto wanachukua fimbo wanalichapa huku wanaimba, wanaliamuru linye. Ndiyo, linye, wimbo unasema hivyo waziwazi mbele ya bibi na wageni. Blanketi likifunuliwa chini yake kuna peremende na vizawadi. Zamani gogo lilichomwa motoni, joto na mwanga ndiyo ilikuwa zawadi yenyewe, na majivu yake walidhani yanalinda nyumba. Kwa hiyo hapo una kila kitu kwa mpangilio wake, kwanza unalisha, ndipo unapewa. Na Marekani na Uingereza bado wanaacha biskuti na maziwa usiku na karoti ya kulungu, ukimwuliza mzazi kwa nini hajui, anasema ni kwa vile Baba Krismasi atakuwa amechoka.

Kesho jioni nitaweka ya Perchten wa Austria, wale wa vinyago wenye jina la Perchta, na Krampus, zimwi lenye pembe linalotembea na Nikolao, aliyewahi kupigwa marufuku na serikali ya huko miaka ya 1930. Mwenye swali aliache hapa chini, nitajibu kila moja.